Kuku wa Ushahidi

Vipimo aliinusa ile sufuria kabla hajaiona. Alikuwa akipita zake nyuma ya hoteli, mikono mfukoni, kichwa kimejaa mawazo ya jioni, harufu ya kuku ikamgeuza shingo. Akachungulia dirishani. Sufuria kubwa ilikuwa ikitokota jikoni, imejaa kuku wa mchuzi wa kutosha ukoo mzima, na ukoo mzima ndio hasa aliokuwa akiutafutia chakula.

Maana jioni ile shangazi wa mchumba wake alikuwa anakuja kumkagua kwa mara ya kwanza. Mchumba mwenyewe alikuwa fundi cherehani, binti mpole mwenye macho ya kucheka, na Vipimo, ambaye maishani mwake hakupata kupenda kitu kuliko tumbo lake, alimpenda kwelikweli. Baba wa binti alikwisha kusema yeye hana neno. Mwenye neno ni dada yake. Shangazi akikubali, ndoa ipo. Akikataa, basi. Na huyo shangazi Vipimo alimtumia salamu kwamba atamkaribisha kwa kuku, wakati nyumbani kwake mlikuwa na chumvi na nusu kitunguu.

Jina la Vipimo lilimpata mtaani kwa sababu kila alichokigusa alidai anakipima: viwanja, mita za maji, hata miguu ya watu aliowaahidi viatu, na viatu hivyo wanavisubiri mpaka leo. Sasa akasimama pale dirishani akaipima hoteli. Mwenye hoteli, bwana mnene mwenye mkono wa birika, alikuwa akikatakata kuku mbichi ubaoni. Alipomaliza, akakipangusa kisu kwenye suruali, akaanza kukatia nyanya za kachumbari juu ya ubao uleule. Paka alikuwa amelala juu ya gunia la unga. Na sabuni ya kunawia ilikuwa imefungwa kamba fupi isiyofika bombani, ili maji yasiimalize bure. Vipimo akatabasamu, akaenda zake kwa kinyozi.

Kinyozi alimwazima koti lake jeupe. Vipimo akalikung'uta nywele, akavaa barakoa, akachomeka mfukoni kipimajoto cha kwapani, akaingia hotelini kwa mlango wa mbele bila kumsalimu mtu. Alijitambulisha kuwa ni bwana afya, akaenda moja kwa moja jikoni, akakiinua kile kisu kwa vidole viwili.

"Hiki kimetoka kwa kuku mbichi, kikaja kwenye nyanya," alisema kwa sauti ya kusikika mpaka mlangoni. "Kuku utampika, vijidudu vyake vitakufa motoni. Nyanya hupiki, bosi. Hivi vilivyohamia kwenye nyanya vitafia wapi?"

Wateja wawili wakasukuma sahani zao kando, wakaondoka.

Ni haki kusema kwamba hayo aliyoyasema Vipimo yalikuwa kweli tupu. Aliwahi kukaa kwenye foleni ya zahanati akiugua tumbo, mbele yake pana bango la usafi wa chakula, na kwa kuwa hakuwa na pengine pa kutazama alilisoma mpaka likamkaa kichwani. Kwa hiyo aliendelea kulimwaga lote: kunawa kwa sabuni, mbichi mbali na kilichoiva, chakula cha moto kikae moto, cha baridi kikae baridi, paka akalale kwao. Mwenye hoteli alizidi kunywea kila alipomfuata.

Lakini walipoifikia sufuria, Vipimo alikwama. Sufuria ilikuwa haina kosa. Imefunikwa, inachemka, nyama imeiva hadi mfupani. Bango lote likawa limekwisha, naye ilibidi ajazie ya kwake.

"Huyu si anachemka tangu asubuhi?" mwenye hoteli alijitetea.

"Ndiyo tatizo lenyewe. Mvuke unapanda, unagonga mfuniko, unarudi chini. Ukirudirudi hivyo unazeeka. Tunauita mvuke mkongwe, na ndio unaomaliza watu."

Akaelekeza kipimajoto kwenye mvuke, akakitazama, akakirudisha mfukoni kwa huzuni ya mtu aliyefiwa. Kisha akaonyesha huruma. Hataifunga hoteli, akasema, bali ataichukua sufuria kama ushahidi, ikateketezwe. Mwenye hoteli alimshukuru kwa mikono miwili, akamsaidia kuipakia kwenye mkokoteni.

Nyumbani kikatokea kitu ambacho Vipimo hakukitegemea: mahubiri yake yalimwingia mwenyewe. Alinawa kwa sabuni mara mbili, akasugua sahani, akaiacha sufuria itokote mpaka jioni. Shangazi alipopiga hodi, hapakuwa na kuku salama zaidi mjini kote.

Shangazi aliingia na binti, nyuma yao kaka wawili wa binti wenye mabega mapana. Wakasalimiana, wakanawa, wakakaa. Vipimo akaileta sufuria kwa fahari. Shangazi akaufunua mfuniko, akaugeuza, akalitazama tone la maji lililokuwa likining'inia pale chini.

"Mwanangu," aliuliza kwa upole, "mvuke huu una umri gani?"

Upawa ukamganda Vipimo mkononi. Shangazi akaeleza, kwa utulivu wa mtu aliyesomea, jinsi mvuke unavyopanda, unavyogonga mfuniko na unavyozeeka ukirudi. Hakuna duniani aliyejua kuliko Vipimo kwamba maneno yale ni uongo, maana aliyazaa yeye siku ileile. Lakini ili amtetee kuku ingempasa aseme ametoka wapi. Akauweka upawa chini. Shangazi akaamuru sufuria ifunikwe na kuteketezwa, kaka wawili wakaibeba, naye Vipimo, kwa adabu za mkwe mtarajiwa, akawafungulia mlango. Binti alitoka wa mwisho, amejiziba mdomo kwa mtandio.

Vipimo alikaa na nusu kitunguu chake, moyo ukimuuma kuliko tumbo. Kuku ameondoka, na neno la shangazi halikutoka. Hakuvumilia. Akawafuata mpaka kwa shangazi, na kutoka uani akasikia vijiko vikigonga sahani. Akabisha. Shangazi akafungua, ameshika paja lililobaki nusu.

"Tunamteketeza, mwanangu," alisema. "Kidogo kidogo."

Vipimo akainamisha kichwa. "Shangazi, mvuke mkongwe haupo. Niliutunga."

"Najua. Nilikuwa mezani pale mlangoni nakunywa chai. Ya kisu yalikuwa kweli, nikaisukuma kachumbari yangu. Ulipofika kwenye mvuke nikajua huyu ana njaa. Na jioni uliponikaribisha nikakutambua, maana sauti haivai barakoa."

"Basi umenikataa?"

Shangazi akamalizia paja lake. Akasema kwamba mwongo anayekiri bila kushikwa shati ni afadhali, lakini sufuria ina mwenyewe. Kesho airudishe, bila koti la mtu, aseme kwa kinywa chake alichofanya, na amtumikie mwenye hoteli mpaka deni la kuku liishe. Baada ya hapo ndipo atakaguliwa upya.

Kesho yake Vipimo aliirudisha sufuria, akasema yote. Mwenye hoteli alimtukana mpaka pumzi ikamwishia, kisha akakaa juu ya gunia la unga, akauliza kwa sauti ya chini kama yale ya kisu nayo yalikuwa uongo.

"Yale ni kweli yote," Vipimo akajibu. Mwenye hoteli akaguna, akakata ile kamba ya sabuni, akamkabidhi Vipimo sabuni na rundo la vyombo.

Yuko pale mpaka sasa. Deni la kuku lilikwisha zamani, ila kazi imemkalia vizuri na ubao wa mbichi haugusani tena na wa nyanya. Kila asubuhi shangazi hufika kunywa chai, na kabla hajaagiza humwita aonyeshe kucha. Neno lake bado hajalitoa. Lakini juzi alikuja na yule fundi cherehani, na binti ameleta aproni aliyomshonea Vipimo kwa mkono wake mwenyewe. Ni nyeupe, imekaa sawasawa mabegani, na haina mfuko hata mmoja wa kuchomekea kipimajoto.