Nduru Zangu Hekaluni Tororo

Wenzangu, leo nimejitia aibu katika nchi ya watu. Najua mume wangu atawasimulia kwa chumvi, kwa hiyo wacha niseme mwenyewe.

Shangazi yake mume wangu, Shangazi Athieno, alifariki juzi huko Tororo. Wakati mama mkwe hakutaka kusikia habari ya mwanawe kunioa mimi, Msamia kutoka Busia upande wa Kenya, Athieno ndiye aliyenikalisha jikoni kwake akasema mgeni ameshafika, sasa apewe chai. Alipougua niliahidi kwenda kumwona. Nikasema wiki ijayo. Halafu nikasema tena wiki ijayo. Kwa hiyo leo nilikuwa na jambo moja tu: kumlilia Athieno mpaka mama mkwe mwenyewe akubali kwamba ameliliwa. (Huwa anasema sisi wa Kenya tunalia kama watu wanaosoma taarifa ya habari.)

Mume wangu alitangulia jana. Asubuhi akanielekeza kwa simu: mshuke karibu na hekalu la Wahindi, mtaona hema, ni hapo hapo. Mwili unatoka saa saba kwenda kuzikwa kijijini Paya, msichelewe. Nikavuka mpaka na dada yangu Nekesa, mwimbaji wa kwaya, niliyemchukua makusudi kwa ajili ya sauti. Tulipofika upande wa pili laini zetu zote mbili zikakataa kushika mtandao. Sikujali. Hema ni hema.

Bodaboda ikatushusha kama saa sita hivi. Hema hilo hapo, jeupe, kubwa, watu wamejaa. Ndani ngoma inapigwa na watu wanaimba. Langoni kuna viatu vingi vimevuliwa. Nekesa akasema hajawahi kuona matanga ya kuvua viatu. Nikamwambia Waganda ni watu wa heshima, avue tu.

Sasa, kwa wasiojua mambo ya kwetu: ukifika msibani hungoji kuuliza wala kusalimia. Unaanza kulia ukiwa langoni, mikono kichwani, unaingia mbio hadi alipolala marehemu. Ukiingia kimya, watu wanaanza kujiuliza kama wewe ndiye uliyemwua.

Nikapiga nduru. Nekesa akaipokea kwa sauti ya pili. Tukaingia mbio, miguu mitupu, nikilia Athieno umeniacha na nani. Machozi yamenijaa, sioni vizuri. Mbele nikaona picha kubwa iliyovishwa maua, na chini yake kitu kimefunikwa maua na vitambaa. Nikajitupa chini hapo hapo. Nikamwomba Athieno msamaha wa zile wiki zote. Nikamkumbusha chai yake. Nikamwambia na ugomvi wangu na mama mkwe, wote, tangu mwanzo.

Ngoma ikanyamaza. Wimbo nao ukanyamaza. Ikabaki sauti yangu peke yake, maana Nekesa alikuwa ameshafumbua macho.

"Dada," akaninong'oneza, "hawa wote ni Wahindi."

Nikainua kichwa. Kile kitu chenye maua kilikuwa kitanda kidogo cha kubembea, na ndani yake sanamu ya mtoto mchanga, amevalishwa akapendeza. Picha haikuwa ya Athieno. Haikuwa hata karibu. Watu wote wananitazama, na mzee aliyekuwa akivuta kamba ya kile kitanda amesimama nayo mkononi, hajui aendelee au aache.

Mama mmoja mwenye sari ya njano akachuchumaa kando yangu, akanifuta uso kwa upindo wa sari yake, akauliza nani amekufa. Nikamwuliza, kwani hapa hakuna aliyekufa? Akasema hapana. Leo ni sikukuu, mungu wao amezaliwa, tena saa hii hii, saa sita mchana, ndiyo walikuwa wanambembeleza.

Yaani mtoto anazaliwa, mimi naingia na msiba. Nilitamani ardhi ipasuke. Nikaanza kuomba radhi kwa Kiswahili, Kisamia na Kiingereza cha kuvunjika.

"Wacha, mama," akasema. "Mtoto akizaliwa lazima kuwe na kilio. Sisi tulisahau hiyo."

Ngoma ikarudi. Hakuna aliyetufukuza. Tukaketishwa mkekani, tukapakwa alama nyekundu kwenye paji la uso, tukapewa halua. (Nekesa aliongezwa mara mbili. Sina la kusema kuhusu Nekesa.) Yule mama, jina lake Mama Kokila, akauliza huyo niliyekuwa namlilia ni nani. Nikamtajia.

"Athieno wa nyanya?"

Athieno alikuwa akimpelekea nyanya mlangoni miaka mingi. Mama Kokila alidhani siku hizi haji kwa sababu ya mvua. Hakujua. Akakaa chini na sari yake nzuri, akalia polepole. Nami nikalia naye, safari hii bila kujali nani ananitazama.

Akatupeleka mwenyewe. Nyumba ilikuwa nyuma ya ukuta wa hekalu, hema la bluu, na gari la maiti limeshawashwa. Nikaweka mikono kichwani, nikafungua mdomo nipige nduru. Kikatoka kitu kama mlango unaohitaji mafuta. Sauti yote ilikuwa imeishia kwa jirani. Ukoo mzima ukageuka: mimi na alama nyekundu usoni, Nekesa anatafuna, na katikati yetu mama wa Kihindi analia kweli kweli.

Mama mkwe akanitazama kuanzia juu hadi chini.

"Nyinyi mnatoka harusi gani?"

Mume wangu akageukia ukuta, mabega yanatikisika. (Watu walidhani analia. Namjua, alikuwa halii.) Ni Mama Kokila aliyeeleza kila kitu, jinsi nilivyoanguka, jinsi nilivyomwomba marehemu msamaha. Ana kumbukumbu nzuri sana yule mama. Alieleza hata sehemu ya ugomvi, tangu mwanzo, mbele ya mama mkwe.

Mama mkwe akasogea kwenye benchi, akanipa nafasi ubavuni pake.

"Basi," akasema, "huyu amelia."

Shangazi Athieno, nisamehe. Nilikulilia kwa moyo wangu wote. Ni nyumba tu niliyokosea.