Kutekwa kwa Fungu la Arobaini na Moja

Sogeeni, enyi wenye masikio na enyi wenye viti; zimeni redio, wekeni vikombe chini, na aliye na kikohozi akikohoe sasa, maana habari ninayoileta haitasimama kumngoja mtu. Nitawasimulia jinsi Fundi Saa, mume wa dada yangu, jemadari wa bisibisi nyembamba kuliko njiti ya kibiriti, alivyoondoka kwake asubuhi ya Alhamisi baada ya chai ya pili, akauzingira ukumbi wa mnada uliokuwa mtupu, akapigana na adui asiyekuwepo, kisha akarejea na sarafu moja ya shaba. Waandishi wa kale walipewa kuanguka kwa miji. Mimi nimepewa hiki, na nitakiandika.

Ijulikane kwanza chanzo cha vita. Shujaa wetu alirithi kwa baba yake trei ya mbao iliyotandikwa mahameli nyekundu, yenye vishimo kumi na viwili, na katika kila kishimo sarafu yenye ndege wake: kunguru, kanga, bundi, na wengine wa ukoo huo. Kishimo cha tisa, makao ya korongo asimamaye kwa mguu mmoja, kimekuwa wazi miaka kumi na mmoja. Kwa maneno ya shujaa mwenyewe, mwizi aliingia nyumbani akamchukua korongo, akawaacha wenzake kumi na mmoja, akaiacha redio, akaziacha na saa za wateja. Mwizi wa ajabu huyo, mtasema, nami nasema hivyo hivyo. Ila juma hilo mimi nilikuwa nalala kwao, kwenye kochi, nikitafuta kazi.

Hakuna aliyenitaja. Dada hajawahi kuniuliza. Lakini tangu hapo, nikikaa sebuleni kwake naye akaenda jikoni kutazama sufuria, huondoka na mkoba wake kwapani. Miaka kumi na mmoja nimeutazama mkoba huo ukienda jikoni na kurudi, na kila safari yake imeniuma upya. Atakayeona kwamba simulizi hii haimpi shujaa wake heshima ya kutosha, sababu ni hiyo.

Basi, siku ya Jumatano ulifanyika mnada wa sarafu, na korongo alikuwamo, fungu la arobaini na moja katika orodha ya vitu vya kuuzwa. Dalali akamtaja mara tatu, akainua nyundo, na ukumbi mzima ukamtazama kama unavyotazamwa mlango wa chumba cha jirani. Hakupata mnunuzi. Shujaa wetu alikuwa ameketi safu ya nyuma, mikono mapajani, kimya kwa makusudi, kwa kuwa ana falsafa yake ya vita, na kesho yake njiani alinihutubia nayo mtaa mzima.

"Mnadani watu hununua kwa hasira, shemeji," alinena, kidole juu. "Mmoja akinyoosha mkono, mwenzake naye atanyoosha, si kwa kukipenda kitu bali kwa kumchukia jirani. Mimi siingii katika ghasia za namna hiyo! Nangoja nyundo inyamaze, majeshi yarudi makwao, kisha naingia peke yangu na kukichukua, kwa bei ya kuanzia, kile walichokikimbia."

"Na kwa nini wamekikimbia?" nikauliza.

"Ujinga wao."

Haikumjia hata mara moja kwamba watu arobaini walioishika sarafu ile tangu asubuhi huenda nao walikuwa na macho. Falsafa hiyo ilikuwa imekwisha kumpatia sarafu ya fedha iliyotokea kuwa madini ya risasi tupu, na nishani ya mashindano ya kuogelea aliyoapa kwamba ni ya kifalme. Ndiyo maana dada alimsimamisha mlangoni akamwambia, "Baba watoto, ukileta takataka nyingine humu ndani, kabati lile la trei yako nalipangia sahani zangu leo leo. Hiyo trei utajua mwenyewe pa kuipeleka." Kisha, kwa kuwa yeye pia alikuwa anatoka, na mimi siachwi ndani peke yangu, nikafanywa shahidi wa vita.

Tuliukuta ukumbi umekwisha kukimbiwa. Viti vilipangwa kimoja juu ya kingine, sakafu ilikuwa inapigwa deki, na nyuma ya meza ndefu aliketi karani wa mnada, mama wa makamo, sweta begani, akibandua vibandiko vya namba. Shujaa akasimama katikati ya sakafu yenye maji, akatanua miguu, akapaza sauti: "Ewe mlinzi wa hazina zilizodharauliwa! Nimekuja kulidai fungu la arobaini na moja, lililokataliwa na vipofu jana!"

"Karibu, baba," akasema karani. "Toka hapo kwenye maji, utateleza."

Jemadari akatoka kwenye maji. Karani akafungua droo, akaiweka sarafu mezani ndani ya kasha lake la plastiki, akasema bila kuinua sauti:

"Vilivyobaki tunaviuza mpaka kesho saa sita mchana, kwa bei ya kuanzia, na ada yetu iko pale pale. Ila nikwambie ninavyowaambia wote. Kitu kikikosa mnunuzi, ama mwenyewe alikiwekea bei ya juu, ama kina kasoro. Ikiwa ni bei tu, tunaweza kuzungumza naye, ukapata kitu kizuri bila kugombana na mtu. Ikiwa ni kasoro, mwakani utakileta wewe hapa, na wewe hutapata mnunuzi. Leo una nafasi ambayo jana hukuwa nayo, hakuna anayekusukuma. Kaa, iangalie mbele, nyuma, na ukingo wake."

Hayo yalikuwa maneno ya akili kuliko yote yaliyosemwa siku ile, kwa hiyo hayakusikilizwa. Shujaa alikwisha kuibana lenzi jichoni, akainama, na papo hapo akanguruma hadi mpiga deki akasimama na fimbo yake.

"Imesuguliwa!"

Msiojua mambo haya, jueni kwamba mkusanyaji wa sarafu haipendi sarafu inayong'aa. Anaitaka na ngozi yake ya uzee, rangi iliyokaa miaka mingi ikijitengeneza, na mtu akiisugua hadi ing'ae amekwisha kuiua. Shujaa akamgeukia muuaji huyo asiyejulikana. "Ni mkono gani mpotovu uliofanya haya? Ni nani aliyemvua korongo huyu vazi la miaka yake kwa ajili ya mng'aro wa siku moja? Mtu huyo hastahili kushika hata kijiko! Na jina lake lioze! Na apatikane siku moja, asimame mbele za watu, aone haya!"

"Ndiyo maana haikuchukuliwa," akasema karani. "Ukingo umeuona?"

"Mama, jemadari aliyekwisha kuuona uso wa adui hana haja ya kukagua visigino vyake."

Akaanza kuipiga bei kwa kasoro ile ile, hujuma baada ya hujuma. Karani akampigia simu mwenye mali, akamsikiliza, akaitikia mara mbili, akasema mwenyewe amechoka nayo na amekubali kushusha. Shujaa akatia saini kwa mkono mpana, mithili ya atiaye saini mkataba wa amani kati ya mataifa, akalalamikia ada, akailipa, akatoka kifua mbele. Nilimfuata nikiwa nimebeba mwavuli wake.

Nyumbani dada alikuwa amesharudi. Trei ikatolewa kabatini, ikawekwa mezani, na vita vikasimuliwa upya, mara hii karani akiwa amepiga magoti. Shujaa akatwaa koleo lake dogo, akamtoa korongo kwenye plastiki, akaitia lenzi jichoni, akasema, "Na hapo ndipo nilipomwambia yule mama—" akaizungusha sarafu ili mguu wa ndege ukae chini. Mwanga wa dirishani ukaangukia ukingo. Koleo likasimama. Tangu nimjue, sijawahi kumwona akianza sentensi na kuiacha njiani.

Nikamtoa lenzi jichoni, naye hakupinga. Mafundi saa wana desturi: kila saa wanayoitengeneza huikwaruza alama yao ndani ya kifuniko, ndogo kama yai la chawa, ili ikirudi wajue ni kazi ya nani. Ya shemeji ni ndoano yenye nukta mbili. Imo ndani ya saa yangu mwenyewe, alinionyesha kwa majivuno. Nikaangalia ukingo wa korongo. Palikuwa na ndoano, na nukta mbili. Mkono wake ulikuwa umetia sahihi kwa mazoea, kama unavyofanya kila amalizapo kazi.

"Kuna nini?" dada akauliza. "Mbovu, eh? Nilijua tu. Naleta sahani."

Ningeweza kusema. Alama ile ilitosha kuniondolea miaka kumi na mmoja ya kushukiwa. Lakini nilitaka kuona jemadari atafanyaje siku adui aliyemlaani mbele za watu amefika kweli. Akinyamaza, kabati limekwenda, na mwizi wake anaendelea kuishi. Akisema jambo moja tu litakalothibitisha kwamba hakupunjwa, kabati limepona na mwizi amekufa. Sahani zilikuwa zinagongana jikoni.

"Mama watoto," akaita, kwa sauti ndogo ambayo sikujua anayo. "Sikupigwa. Niliiuza kwa mara mbili ya bei niliyoinunulia leo."

Dada akatokea mlangoni, sahani kifuani. "Uliuza nini?"

"Hiyo. Niliisugua kwa mashine ya dukani, nilitaka ing'ae. Ikaharibika. Ni ya baba, nikaona aibu, nikamuuzia mtu asiyejua. Halafu wewe ukaniuliza iko wapi."

Dada alimtazama. Kisha akanitazama mimi, muda mrefu.

"Kwa hiyo mwizi alikuwa na mashine ya kung'arisha saa."

"Ndiyo."

"Miaka kumi na mmoja, na huyu anaingia na kutoka humu."

"Ndiyo."

"Mdogo wangu," akaanza kuniambia, asimalize. Akazirudisha sahani jikoni.

Basi na iandikwe, na watakaozaliwa wasomewe, kwamba Alhamisi ile saa tisa alasiri Fundi Saa, mshindi wa ukumbi mtupu, mtekaji wa kile kisichotakiwa na mtu, alimshika korongo kwa koleo, akamshusha katika kishimo cha tisa, naye akaingia bila kusukumwa, kwa kuwa palikuwa kwake. Ngoma na zilie! Wakusanyaji huniuliza kama inafaa kurudi kununua vilivyobaki mnadani. Huwaambia inafaa, mradi wamsikilize yule mama mwenye sweta na waangalie ukingo.

Jikoni sufuria ikaanza kufurika, dada akakimbilia huko. Mkoba wake ulibaki kwenye kiti, kando yangu, zipu wazi.