Slack Maana Yake Bonde

Jumatatu, 6 Oktoba

Habari njema! Mjukuu wangu Rosalind anaolewa. Habari mbaya: na Joel Clegg. Kijana hana ila. Ila ni jina. Mimi na yeye ndio Slack wa mwisho hapa kijijini. Rosalind akilivua jina letu, nitazikwa nalo.

Lakini Joel kasema hana neno, watachukua wote wawili jina moja, lake au letu, na uamuzi ni Jumapili mezani. Mlango uko wazi!

Watu husikia Slack wakacheka, maana kwa Kiingereza cha leo ni mlegevu. Nimefundisha jiografia hadi kustaafu nikilieleza, na naeleza tena, ingawa msomaji ni mimi peke yangu. Kwa lugha ya wazee wa huku kaskazini mwa Uingereza, slack ni bonde dogo kati ya vilima. Babu yetu alikaa bondeni, majirani wakamwita kwa bonde lake. Basi. Jina halikutungwa. Liliokotwa ardhini.

Jumatano, 8 Oktoba

Bi Hester Clegg, bibi yake Joel, kaja na keki ya tangawizi. Hila tupu! Anajua udhaifu wa Rosalind. Akaniuliza mbele ya watu kama kuna Slack aliyewahi kuvaa suruali isiyomvuka. Nikamjibu kuwa huku kwetu clegg ni nzi anayeng'ata farasi. Akasema nzi angalau ana kazi. Wakacheka, hata Rosalind!

Ualimu ukaniponza. Nikaongeza kuwa, kwa haki, clegg ni pia kilima kilichokaa kama rundo la nyasi kavu. Joel akapendezwa mno. Nilikula keki kwa hasira.

Ijumaa, 10 Oktoba

Mpango: kuwapandisha Rosalind na Joel kilimani alfajiri, walione bonde lenyewe. Bi Hester akajialika. Anakaa hukohuko bondeni, lakini alipanda kama mbuzi, akinisubiri kila kona ili nione aibu.

Tukafika. Nikasahau mpango.

Bonde lilikuwa limejaa ukungu hadi ukingoni, kama bakuli la maziwa. Kondoo hawaonekani, sauti zao tu zapanda, kana kwamba ardhi inaita. Jua likagusa ukingo wa mbali. Umbo lile lilikuwepo kabla ya neno, na neno kabla ya kanisa letu, nami nimelitia sahihi kwenye hundi na madaftari ya watoto bila kuinamisha kichwa!

Bi Hester, asiyenyamaza hata kanisani, akavua kofia. Akauliza polepole: mwalimu, hilo ndilo wewe? Nikasema ndilo. Akasema basi si dogo.

Ningekoma hapo. Sikukoma. Nikaeleza sheria ya wazee: jina hufuata makazi. Wa bondeni ni Slack, wa kilimani ni Clegg, na akihama, jina nalo lahama. (Nilijua Rosalind anaitaka nyumba moja ya bondeni. Werevu!) Joel akaniuliza mara mbili kama nina hakika. Nikaapa.

Jumapili, 12 Oktoba

Rosalind akanishika mkono. Babu, akasema, maneno yako ya kilimani yametuingia, tutafuata sheria yako. Nikatoa leso mapema. Akaendelea: nyumba ya bondeni ina unyevunyevu, wamechukua nyingine, kule juu kilimani. Watakuwa Clegg.

Bi Hester hakucheka. Hilo ndilo lililouma. Akanikatia kipande kikubwa cha keki, akaninong'oneza kuwa kwa sheria yangu yeye sasa ni Slack, hivyo nisijione mpweke. Sikuthubutu kuuliza mimi ni nani, ninayekaa nyuma ya kituo cha basi.

Jumatatu, 13 Oktoba

Nimepanda peke yangu na ndoo ya maji hadi nyumba yao mpya. Nyuma ya banda lao la kuni pana mahali palipobonyea. Nikamwaga. Maji yakatulia! Hayakwenda popote! Kijiografia, ardhi iliyolala kati ya miinuko miwili ni bonde. Ukubwa si hoja. Nilisimama nikitazama, mbingu nzima imo mle ndani.

Joel akatokea, akauliza: vipi tena, mzee? Nikamwomba asogeze buti. Amekanyaga ukoo.

Kesho narudi na koleo. Bonde bado changa, lahitaji kusaidiwa.