Mbegu za Tantine Apolline

Jumanne, tarehe 1 Agosti
Docteur Mélanie, mkuu wa kituo chetu cha utafiti, leo ametangaza vita. Yeye anaviita jaribio. Mapipa mawili ya maharage ya mbegu, unga wa majani aina mbili, tusubiri hadi mvua za Septemba. Unga utakaozuia fukusi, wadudu wanaotoboa maharage, utavuka ziwa kwenda kisiwa cha Idjwi, pamoja na mtu aliyeutengeneza. Mtu huyo ni mimi! Unga wangu unatokana na majani yale ambayo wavuvi huyatumia kulewesha samaki. Unga wa mwenzangu wa kituoni, Floribert, ni mubirizi, majani machungu ambayo kila mama wa Bukavu humnywesha mtoto mwenye minyoo. Huo ni utafiti au adhabu? Floribert husali kabla ya kugusa mizani. Simpendi.

Alhamisi, tarehe 3 Agosti
Nimeshuka kijijini Mumosho kumwomba Tantine Apolline mbegu zake kwa ajili ya pipa langu. Ni mdogo wake marehemu mama, ndiye aliyenilea. Maharage yake ni mchanganyiko, kama ya kila mwanamke wa huku, lakini wake aliachiwa na bibi: ya zambarau yenye mistari, ya manjano, na meusi madogo ambayo sijawahi kuyaona kwa mtu mwingine. Sokoni hayapo. Kwanza alikataa. Akasema: "Honoré, ile mbegu njo mama aliniachiaka. Ikikufa, nitapanda nini?" Nikaapa kwa kaburi la mama. Akaniangalia kwa muda, kama siku ile aliponituma chumvi nikarudi bila chumvi na bila sahani. Mwishowe akasema ataleta mwenyewe kituoni. Ushindi!

Jumatatu, tarehe 7 Agosti
Asubuhi nimekuta mfuko wa Tantine mezani pangu, umefungwa kwa kitambaa chake. Nikaumimina pipani haraka, nikatia unga, nikafunga. Mimi si mtu wa kukaa nikichambua maharage.

Kisha mpango. Tangu Juni ninafuga fukusi ndani ya kopo la maziwa ya unga. Niliwatoa kwenye maharage mabovu ya soko la Kadutu. Wananona, wanazaana, wananijua. Floribert alikuwa ameshajaza pipa lake, unga wake uko pembeni unasubiri kuchanganywa. Kengele ya Angelus ikalia. Akatoka nje kusali, kama kila adhuhuri. Mimi ndani! Mubirizi nikaumwaga chooni. Mahali pake nikaweka sombe kavu, majani ya muhogo niliyoyatwanga mwenyewe. Kijani kwa kijani. Halafu nikafunua pipa kidogo na kumwaga fukusi wote, macho yangu mlangoni. Floribert alirudi, akafanya ishara ya msalaba, akachanganya sombe yangu kwa uangalifu mkubwa. Ilinibidi niende nyuma ya nyumba nicheke.

Jumapili, tarehe 27 Agosti
Nimepita kituoni baada ya misa. Pipa la Floribert limeanza kutoa vumbi kwenye mfuniko. Yeye amekonda, anazunguka pipa lake. Inampendeza.

Jumatatu, tarehe 11 Septemba
Sijui niandike vipi.

Akina mama wa Mumosho walikuja na vikapu vyao kuchukua mbegu, kwa sababu mvua imekaribia. Pipa langu lilifunguliwa kwanza. Maharage mazima, yanang'aa! Makofi. Docteur Mélanie akasema mbele ya watu wote kwamba Honoré atakwenda Idjwi. Halafu pipa la Floribert. Fukusi waliruka usoni mwetu, akina mama wakarudi nyuma. Docteur akachota kwa mkono. Matundu matupu. Na mkononi mwake nikaona zambarau yenye mistari. Manjano. Nyeusi ndogo.

Nikamtafuta Tantine. Alikuwa tayari ameketi chini, kwenye sementi. Hakulia. Akaniambia polepole: "Ile mbegu nilipeana kwa Floribert juu ya vile minakujua, Honoré. Uko mutoto yangu, lakini minakujua." Mfuko alioniachia mimi ulikuwa maharage ya sokoni, ya kupika.

Nilitaka kusema. Nilifungua mdomo kabisa. Kilichotoka ni kwamba mubirizi ni dhaifu na sayansi ni sayansi. Nauchukia mdomo wangu.

Jumatano, tarehe 13 Septemba
Mvua imenyesha. Floribert ameenda Mumosho akapiga magoti mbele ya Tantine, akaomba msamaha, akamwachia mbegu za mama yake mwenyewe. Kujionyesha tu. Wanasema Tantine alimsamehe, lakini mbegu zile alizipika, kwa sababu shamba lake halijui mbegu za watu. Wenzake wanapanda. Shamba lake limelimwa na liko tupu. Kesho nitasema ukweli.

Alhamisi, tarehe 14 Septemba
Wameniletea koti la kuvukia ziwa, la rangi ya chungwa. Limenikaa vizuri sana.

Jumapili, tarehe 17 Septemba
Tantine amekuja kituoni baada ya misa. Alibeba takataka yote ya lile pipa hadi nyumbani, akaichambua punje kwa punje, akapata nzima za kujaa kiganja. Basi. Hayo ndiyo yaliyobaki ya bibi. Akasema alinikosea kwa kutoniamini. "Chunga izi, mutoto yangu. Uzipande Idjwi, zizae, uniletee." Akalia. Na mimi nikalia, kweli kabisa. Floribert alisogea akaomba azitunze yeye hadi siku ya safari. Yeye! Nilimcheka.

Mashua inaondoka mwezi ujao. Hadi wakati huo hakuna mdudu atakayezigusa, nimeapa tena kwa kaburi la mama. Nilitafuta chombo chenye mfuniko unaobana, nikakumbuka lile kopo langu la maziwa ya unga. Nililipuliza vumbi la fukusi, nikazimimina, nikafunga. Unga sikutia. Kwa kopo zuri namna hii, wa nini?