Mashine Imenitaja Mara Tatu

Leo nimepata haya, ndugu zangu, na aliyeniponza ni wivu wangu mwenyewe.

Munajua mimi njo muntu wa mashine pale bilo yetu, ofisi ya mradi wa mpunga. Miaka sita, ni mimi peke yangu niliyeielewa ile kompyuta ya Unix ya zamani, zawadi ya Wazungu waliokwisha kuichoka. Direkta aliniita "daktari". Halafu mwaka jana kijana Kalenga akatumwa Kinshasa kusomea kompyuta. (Mimi? Mimi niliambiwa nichunge vumbi.) Akarudi na abakosti mpya, ile suti isiyo na tai, kalamu tatu mfukoni, na programu ya lugha ya C ya kupanga orodha za wakulima, aliyoiandika kwenye mashine za kisasa. Juu kabisa: "Imeandikwa na Kalenga." Herufi kubwa hivi!

Roho iliniuma. Mimi nilipewa kipande kidogo tu, cha kuchapa orodha. Nikasema sawa. Kipande hicho nikakigawa mara nne, kila sehemu nikaitia kwenye faili lake, nikaipa jina langu: ramazani_fungua, ramazani_panga, ramazani_chapa, ramazani_funga. Nani angenisahau?

Leo asubuhi jenereta ikawashwa, tukaingiza programu yote. Kompila ndiyo inayosoma tulichoandika na kukigeuza kuwa lugha ya mashine. Ikakataa! Makosa yakamwagika kwenye printa kama kitenge kinachokunjuliwa sokoni.

Nilifurahi kama muntu aliyeokota kuku. Sababu niliijua. Kompila yetu imezeeka: neno void, yaani "tupu", haijapata kulisikia, na mambo mengi ambayo Kinshasa wanayaandika ndani ya mabano, yenyewe inataka yawekwe nje, chini yake. Kalenga hakukosea. Ameandika kwa mtindo mpya, basi. Je, nilisema hivyo? Wapi! Nilikimbia na karatasi hadi kwa Direkta, aliyekuwa na wageni wawili, wakulima wakubwa wa Pangi.

"Sitwayen Direkta, njoo uone kazi ya Kinshasa!" (Siku hizi sote tunaitana sitwayen, raia; "bwana" imekatazwa.)

Wakaja wote. Hata Mama Zaina, mpiga taipu wetu, akaacha barua katikati.

"Muntu asipojua misingi," nikatangaza, "matokeo njo haya."

Kalenga akasoma karatasi polepole. Hakukasirika, hata akaniita yaya, kaka mkubwa. (Hilo liliniuma zaidi.)

"Yaya Ramazani, kumbe hapa iko mtindo wa zamani. Munipe saa moja."

Akaketi kwenye kiti changu. Kiti changu! Akahamisha, akafuta, void zote akazigeuza int. Wageni wakaletewa chai. Mimi nikasimama ukutani kama mlinzi.

Tukajaribu tena. Faili la kwanza, kimya. La pili, kimya. Yote kimya, hata yangu manne. Ikabaki hatua ya mwisho, ya kuyaunganisha. Hapo printa ikaanza kugonga tena.

"Sikusema?" Nikachana karatasi, nikampa Direkta. "Soma kwa sauti, Sitwayen, wageni wasikie!"

Direkta akavaa miwani.

"Ramazan, limerudiwa. Ramazan, limerudiwa. Ramazan, limerudiwa." Akaniangalia. "Sitwayen, huyu ni wewe?"

Ndugu zangu! Mashine yetu husoma herufi saba tu za mwanzo wa jina, zingine inazitupa. Kwake, sehemu zangu nne zilikuwa jina moja: ya kwanza ikaipokea, tatu ikazikataa. Na sheria hiyo ni mimi niliyekuwa nikiwafundisha watu miaka yote sita!

Mgeni mmoja wa Pangi akauliza kwa upole kabisa: "Mashine inasema ba Ramazani wamekuwa wengi?"

"Wengi wa nini?" akasema Mama Zaina. "Huyu mumoja tu anatushinda!"

Walicheka mpaka chai ikamwagika. Kalenga peke yake hakucheka. Aliniinamia sikioni: "Yaya, tulitoe tu jina." Nikalifuta kwa mkono wangu, herufi kwa herufi, watu wote wakitazama. Programu ikatembea. Orodha ya Pangi ikatoka safi kama sahani ya sikukuu.

Direkta akampa Kalenga mkono, kisha akanigeukia. "Daktari, kuanzia kesho wewe njo utamusaidia Kalenga."

Nimevuka mto kurudi kwetu Alunguli bila kumsalimia muntu. Mke wangu ameuliza kazi ilikuwaje. Nimemwambia jenereta ilikufa, hatukufanya kitu. Akaniambia Mama Zaina amekwisha kupita hapa.

Nanyi mukitaka kucheka, ngojeni kwanza nimalize kula.