Banana Hailiwi

Duka la kahawa la Mturuki karibu na stesheni ya Auburn lina benchi mbili nje, na Jumamosi asubuhi benchi hizo zina wenyewe. Mturuki alijaribu kuwafukuza zamani, akachoka, siku hizi anawazoazoa tu pamoja na vikombe vyake. Siku hiyo Cheruiyot alifika wa mwisho, simu mkononi, uso umejaa habari. Kijiweni wanamwita Wakili, ingawa kazi yake ni kuendesha basi, kwa sababu hajawahi kusoma habari akaiacha ipite bila kesi.

"Wasee, mnajua Tetris?" alisema kabla hajakaa.

"Si ile game ya matofali inaanguka?" Blaise akadakia. Huyu ni Mkongo wa Uvira, dereva wa forklift ghalani, jina la kijiweni Winchi. "Ile njo kazi yangu kila siku. Tofauti ni moja tu. Kwenye game mstari ikijaa, inapotea. Ghalani ikijaa, bosi analeta ingine."

"Sasa skia. Ule mchezo aliunda jamaa mmoja Mrusi, miaka ya themanini, ameajiriwa na serikali. Kwa hivyo mchezo ukawa wa serikali. Akatokea broker London, akaanza kuuza license kabla hajasaini na wenyewe. Aliyeuziwa akauzia mwingine, huyo naye akauza mbele. Siku ya siku, wasee watatu wanatua Moscow wiki moja, kila mtu anataka huo mchezo."

"License ya mchezo?" Chibalonza akauliza. Ndiye mwanamke pekee wa kijiwe, anatunza wazee mtaa wa Toongabbie, na ugomvi wote huishia kwake, ndiyo maana anaitwa Mama Refa. "Kama ile ya kuendesha gari? Unaanza na L, kisha P nyekundu, kisha P ya kijani?"

Wakacheka wote isipokuwa Térence, mkubwa wao kwa umri.

"Na yule Mrusi aliyeunda," Térence akauliza polepole, "yeye alipata nini?"

"Kwa miaka mingi, mzee, zero. Watu walimpigia makofi tu."

Térence akaweka kikombe chini. Katikati yao, juu ya benchi, palikuwa na ubao wa miraba na rundo la vifuniko vya soda. Huo ndio mchezo wa Banana. Aliubuni mwenyewe katika kambi ya wakimbizi Kigoma, enzi akisubiri safari ambayo kila mwezi iliahirishwa. Unaweka kifuniko, mwenzako anaweka chake, mnabanana hadi mmoja akose pa kusogea. Jina la mchezo lilitoka hapo, na jina lake la kijiweni, Kifuniko, likatoka huko huko.

Sasa Jumamosi ijayo palikuwa na siku ya jamii uwanjani, na Térence alisikia kanisani Macquarie Fields kwamba Banana imeshaandikishwa. Kwa jina la Blaise. Jambo hilo lilimchoma wiki nzima. Aliingia nchi hii na begi moja na mchezo mmoja, na begi lilishachanika.

"Winchi," akasema, "wewe ndiye broker wa London."

Blaise akashusha kofia hadi kwenye nyusi. "Papa Térence, tusiumizane bure. Hii ubao nani alichonga? Miye. Mbao ya pallet, rangi, vernis, yote yangu. Kule kambini ulichezea wapi? Juu ya carton ya mafuta ya msaada. Franchement, miye nimeiletea modernité."

"Hapo Winchi ana point," Wakili akasema. "Banana ya ubao ni yake. Ya simu ni yangu."

"Ya simu ipi?"

"Si nilikushow kuna msee ananitengenezea app? Ulitingisha kichwa."

"Nilitingisha kichwa kwa sababu kahawa ilikuwa chungu."

"Kisheria hiyo ni ndiyo."

"Moscow imehamia Auburn," Chibalonza akasema, akisogea karibu. "Wakili, kule kesi ilikatwa namna gani?"

"Kwa neno moja. Broker alikuwa na mkataba wa game za kompyuta. Warusi wakamletea karatasi mpya, wameeleza kompyuta ni kitu gani: lazima iwe na screen, keyboard na kadhalika. Yeye macho yote yako kwenye faini ya kuchelewesha malipo. Akasaini. Kumbe game za kushika kwa mkono zimebaki nje, na hizo ndizo ziliuzwa kama maji."

"Njo tufanye vile," Mama Refa akaamua. "Kila mtu aeleze Banana ni nini. Mwenye kuieleza, ni yake. Winchi, anza."

"Banana ni dama ya vifuniko."

"Wakili?"

"Ni drafti, lakini iko na akili."

"Papa Térence?"

Térence alikuwa na jibu la miaka mingi, na lilimtoka bila kutafutwa. "Kwenye drafti watu wanakulana. Sasa kule kambini mgao ulipunguzwa, halafu jioni unawakuta wanaume wazima wanapiga kelele, nimekula moja, nimekula mbili. Watoto wanasikiliza. Nikasema basi, nitaunda mchezo ambao hakuna kula. Banana hailiwi. Unambana mwenzako, humli. Sheria hiyo niliitunga mimi, na huu ubao ukiungua leo, sheria inabaki."

Blaise akakitazama kidole chake chenye alama ya msumari wa ubao ule, kana kwamba nacho kimemsaliti.

"Umesikia?" Chibalonza akamwambia. "Wewe ulichonga ubao. Mchezo ni wa Papa Térence. Lete number ya yule dada anayeandikisha watu wa siku ya jamii, Papa apige saa hii."

Blaise hakubisha. Alitoa namba, na Térence akapiga, sauti ya simu imefunguliwa ili kijiwe kizima kishuhudie. Akapokea msichana mchangamfu.

"Good morning. I am the owner of Banana," Térence akasema, na mgongo wake ukanyooka.

Msichana akasema ni vizuri sana, lakini hapa Banana ina jina la Blaise.

"Remove Blaise. Put Térence."

No worries, akasema, akaandika. Halafu akauliza watu watakula pale pale au watabeba.

Térence akakunja uso. Hata huyu kesharubuniwa, alifikiri, wamemwambia ni drafti. Akaona wakati wa kutetea sheria yake umefika, mbele ya serikali. "Sister, listen. In Banana, nobody eat. Never. We only squeeze."

Kisha msichana akafurahi. "Oh, juice."

Chibalonza alikuwa wa kwanza kuelewa. Aliziba mdomo kwa kitenge, mabega yakaanza kutikisika. Msichana akaendelea kwa upole wote: basi atawekwa mstari wa vyakula, karibu na wale wa mikate, na kwa kuwa mwenye Banana ni yeye, license ya chakula itoke kwa jina lake, awe na glavu, neti ya nywele na sinki ya kunawia yenye maji ya moto. Akamtakia siku njema, akakata.

Térence alibaki ameishika simu. Miaka yote hiyo akimuaga binti yake Ikirezi kwamba anakwenda kucheza banana, na binti akicheka hadi kukaa chini, alidhani mtoto anampenda tu.

Blaise akavua kofia, akaiweka kifuani. "Papa Térence, umeshinda. Miye sina haki yoyote. Ubao pia nimekupa."

"Na app, mzee," Wakili akasema haraka. "Nimekuachia yote."

Térence akawaangalia mmoja mmoja, kisha akamgeukia Wakili.

"Yule Mrusi. Mwisho wake haki zilimrudia?"

"Zilimrudia, mzee."

"Na sinki?"