Digrii ya Mama

Jumapili, 8 Machi 1998

Mama anataka kuwa muuguzi. Ana miaka arobaini na moja. Ametangaza wakati wa chakula, huku akimega obusuma, yaani ugali, kama mtu anayesema chumvi imeisha. Baba akapaliwa na mchuzi. Alipopata pumzi, akacheka mpaka akatoka nje.

Mama alikuwa mpiga chapa serikalini tangu kabla sijazaliwa. Mwaka jana wakampunguza kazini, yeye na taipureta yake. Halafu kukhu, nyanya yangu, akalazwa, Mama akawa anamuuguza wodini, na kabla ya wiki kwisha alikuwa anawageuza hata wagonjwa wa vitanda vya jirani. Sasa chuo cha uuguzi hapa mjini kimetangaza nafasi za diploma. Usaili ni Jumatatu, tarehe 16. Tangazo halisemi lolote kuhusu umri. Mama amelisoma hadi likachanika.

Diploma? Nimeudhika. Mwanamke huyu anastahili digrii! Siku hizi digrii ya uuguzi ipo. Mimi nimemaliza shule, sina kazi, nina akili. Nitalishughulikia.

Jumatatu, 9 Machi

Jirani yetu Risper ni muuguzi wa diploma na hatuachi tusahau. Leo ameegemea ua na kumwambia Mama kwamba darasani watamwita kukhu. Tena wodini wagonjwa wenyewe watampisha kitandani. Mama akacheka naye, akamkaribisha chai! Mimi nilikuwa nyuma ya shuka zilizoanikwa. Nilimjibu Risper vikali sana. Kimoyomoyo.

Digrii tu ndiyo itakayomnyamazisha. Mtaa wetu wote wa Amalemba utajua.

Jumanne, 10 Machi

Nimekwenda chuoni kuulizia digrii. Tatizo langu ni kuona haya. Juzi nilitumwa chumvi nikarudi na kiberiti, kwa sababu mwenye duka alinitazama. Leo nilizunguka mbele ya lango mpaka mlinzi akaniuliza kama nimepoteza mbuzi. Akanipeleka kwa mwalimu wa wauguzi, Bi. Jepkosgei.

Alidhani ninayetaka kusoma ni mimi. Akaniambia niketi wima, muuguzi hapindi mgongo. Sikuweza kumkatiza. Alipofika habari za viatu vya kazi ndipo nikanong'ona kwamba ni Mama.

Akaeleza vizuri. Mama alifika kidato cha nne tu, kwa hiyo hawezi kuingia digrii moja kwa moja. Aanze na diploma, afanye kazi, kisha aendelee na digrii akiwa tayari anajua wodi. Nikamshukuru.

Nimemwambia Mama kwamba Bi. Jepkosgei bado hajaamua.

Alhamisi, 12 Machi

Baba amerudi kutoka Butali, kwenye kiwanda cha sukari anakotengeneza mitambo. Hakatai, anasema. Lakini wanafunzi wa mwaka wa kwanza hulala bwenini, na mke kulala nje ya boma si jambo la mtu mmoja. Kaka yake, Baba mkubwa Barnaba, atakuja Jumamosi kutoka Mayoni. Atakalosema ndilo litakalokuwa.

Mama akauliza kama Barnaba aliitwa pia alipokwenda kupiga chapa. Baba akasema taipureta ilikuwa inamrudisha nyumbani kila jioni.

Nimejitolea kupika ingokho, kuku wa mgeni. Nina mpango.

Jumamosi, 14 Machi

Kila mtu anajua firigisi, yaani imondo, ni ya mwanamume, na akiwepo mkubwa ni ya mkubwa. Wanawake huipika na kuinusa. Basi anayekula imondo ndiye mtu wa heshima. Nikaiweka kwenye sahani ya Mama. Baba mkubwa ataiona, ataelewa, nami sitalazimika kutamka neno. Mpango safi kwa mtu mwenye haya.

Halafu nikaogopa, nikaifunika kwa mboga.

Baba mkubwa akaanza kuitafuta kwenye bakuli. Shingo. Bawa. Miguu. Akarudia kukoroga. Akamuuliza Baba kwa upole kama kuku huyu alikuwa mgonjwa, au alizaliwa bila imondo. Baba akanitazama. Mimi nikatazama mabati.

Ndipo Mama aliposogeza mboga.

Nilijua atairudisha. Badala yake akaitia mdomoni. Akatafuna polepole, sote tukisikiliza.

"Shemeji," akasema, "miaka ishirini nimewapikianga hii kitu. Kumbe ni ngumu tu."

Baba mkubwa akanawa mikono. Akasema mwanamke wa namna hiyo hahitaji ruhusa yake, basi asipewe. Akachukua kofia akaenda. Nimeharibu kila kitu!

Jumapili, 15 Machi

 Nimemwomba Mama msamaha na kupendekeza niende Mayoni na kuku mzima. Mama amesema kuku wapumzike.

Kisha akasema, bila kupaza sauti, "Kesho naenda." Baba alisikia. Risper pia, maana alikuwa uani kwake anafagia mahali palipokwisha fagiliwa.

Jumatatu, 16 Machi

Asubuhi viatu vya Mama vilikuwa mlangoni, vinang'aa. Baba alikuwa na rangi ya viatu vidoleni na alikana. Alimsindikiza hadi chuoni, akitangulia mbele kama mtu asiyemjua.

Kwenye usaili walimuuliza kama ataweza kuamrishwa na wasichana wa umri wangu. Akajibu kwamba wa kwake humpangia maisha kila siku na bado yu hai. Bi. Jepkosgei alicheka mpaka akavua miwani. Wamemchukua!

Diploma. Nikamkumbusha habari za digrii. Akaweka kikombe chini.

"Navalayo, hii kozi ni ya nani?"

"Yako, Mama."

"Na wewe umechagua nini?"

Sijachagua. Nimekuwa na kazi nyingi.

Lakini nimelifikiria swali lake kwa makini tangu saa hiyo, na jibu nimelipata. Baba! Ana mikono mipana, hashtuki akiona damu, na Mama akiwa bwenini jioni zake zitakuwa tupu. Ukunga utamfaa kabisa. Digrii, si diploma.

Kesho narudi kwa Bi. Jepkosgei. Baba hahitaji kujua kwanza.